Wakwe wa Muheza na Baridi ya Julai

Mdogo wangu alipochumbiwa na kijana wa Muheza, kule Tanga, baba alinipa kazi moja tu kwenye kamati ya harusi: wageni. "Wewe si unaijua Mbeya? Wapokee wakwe, wale, walale, wauone mji." Nikafurahi. Mweka hazina anagombana na watu kuhusu michango, mimi nitatembea na watu. Nani kapendelewa?

Jibu nililipata Alhamisi ya wiki ya harusi, saa tatu usiku, Coaster iliposimama mbele ya geti letu kule Forest. Walikuwa watu thelathini na wawili, wametoka Muheza saa kumi alfajiri. Wa kwanza kushuka alikuwa shangazi wa bwana harusi, mama mnene wa makamo mwenye maneno yake, kavaa dera jepesi na kandambili, mtandio begani. Alikanyaga chini, akashusha pumzi, akauona mvuke ukitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Jamani, nani kaacha friji wazi?"

Kamati ilikuwa imewatumia kadi, ratiba, hata kipande cha kitambaa cha sare ili rangi isitofautiane. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwaambia waje na sweta. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti tunalala na blanketi mbili bila kuliona hilo kuwa jambo la kusimulia. Mwenyeji wa baridi haisikii baridi. Mtu wa Tanga, blanketi kwake ni kitu cha mgonjwa.

Usiku ule nilizunguka kwa ndugu na majirani kukusanya mablanketi kama mtu wa maafa. Halafu gesti. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepiga simu nikauliza, "Maji ya moto yapo?" Wakanijibu yapo. Na kweli yalikuwepo: sufuria moja, juu ya jiko la mkaa, uani, kwa vyumba kumi na viwili. Siwezi kusema walinidanganya. Siku hizi nikitafutia wageni malazi sipigi simu. Ninakwenda mwenyewe, ninaingia bafuni, ninafungua bomba na kuweka mkono chini yake mpaka niridhike. Mhudumu ataniangalia vibaya, lakini hilo ninalimudu kuliko kumtazama baba mkwe wa mdogo wangu, mwalimu mstaafu, akisubiri zamu ya ndoo na taulo begani.

Ijumaa asubuhi, kabla ya safari niliyokuwa nimeipanga, ilibidi twende soko la Mwanjelwa kutafuta nguo za baridi. Hilo halikuwa kwenye ratiba. Nilidhani ni nusu saa, tukatumia muda wa saa mbili na nusu, na mpaka leo wageni wale ukiwauliza Mbeya waliona nini, wanaanza na Mwanjelwa. Walijigawa wenyewe kwenye vichochoro vya mitumba. Vijana wakabishania majaketi, kina mama wakapima masweta juu ya madera. Shangazi alichagua koti la kiume la kijivu lenye mifuko minne, akalipigania bei mpaka muuzaji akakaa chini kwa kicheko. "Wewe mwanangu unauza koti au unauza ng'ombe?" Kwenye picha zote za harusi yumo na koti hilo, juu ya sare ya zambarau.

Kutoka kwenye mitumba wakaingia upande wa nafaka. Hapo ndipo wazee walipopata raha yao. Maharage ya rangi saba, mchele wa Kyela na wa Mbarali kwenye viroba vilivyofunguliwa mdomo, viazi mviringo vyenye udongo mweusi, parachichi za Rungwe. Baba mkwe alitia mkono kwenye kiroba cha Kyela, akanusa kiganja, akamwita mkewe naye anuse. Mimi nilikuwa pembeni naangalia saa. Nilikuwa na mpango wangu, mwenzenu.

Mpango wenyewe, niusome kama nilivyouandika: asubuhi Ziwa Ngozi, kisha Daraja la Mungu, chakula cha mchana Tukuyu, halafu Matema jua likizama ziwani. Siku moja! Kaka yangu, ambaye ni dereva wa lori, aliisoma karatasi ile akanirudishia bila neno. Kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70 za milima na kona. Matema iko mbele zaidi, unashuka mpaka Kyela, kisha unazunguka kufuata Ziwa Nyasa. Kwa mwendo mzuri ni saa tatu na zaidi kwenda tu, bila kusimama popote. Nilipanga kwa kuangalia picha za maeneo badala ya kuangalia barabara.

Tulipokuwa tunapanda gari, bibi yetu wa Tukuyu akatoka ndani na fimbo yake na kumshusha bi harusi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakai karibu na baba mkwe wala hawatazamani. Akimwona njiani anapinda. Sasa leo wakae kiti kimoja cha Coaster, wakipigwa magoti na kila kona? Vijana walicheka, bibi hakucheka. Mdogo wangu akabaki nyumbani kusuka, na baadaye niliona bibi alimwokoa.

Ngozi ni ziwa lililo ndani ya kreta ya volkano. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu unaacha lami upande wa kulia, gari linakwenda mpaka linapoishia, kisha miguu. Njia inapita msituni, chini ya miti mikubwa na mianzi, saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu mwenye mapafu yake. Mwishoni inasimama kama ngazi isiyo na vidato, udongo mweusi unaoteleza hata kiangazi, maana upande huu wa Rungwe mvua haina likizo. Mimi nilipanda Ngozi mara ya mwisho nikiwa sekondari. Kumbukumbu ya miguu ya miaka kumi na saba niliwapa watu wa miaka sitini.

Robo ya safari, watu tisa walikuwa wameketi kwenye gogo. Kandambili ya shangazi ilikatika akaiacha msituni, akateremka na soksi alizonunua Mwanjelwa, ameshikwa mikono na vijana wawili. Tuliofika juu tulikuwa kumi na wanne. Tukasimama ukingoni, ambapo ziwa linapaswa kuwa chini yako, la kijani, limezungukwa na kuta za msitu. Tukaona weupe mtupu. Ukungu ulikuwa umejaa ndani ya kreta kama maziwa kwenye bakuli. Tulisubiri dakika arobaini. Baba mkwe, aliyepanda taratibu na kwa heshima yake yote, alijifuta uso na leso.

"Mwanangu," akaniambia, "ukungu kwetu upo. Uko Amani, ni hapo tu juu ya Muheza."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma. Ngozi ni pazuri, nimerudi mara mbili tangu siku ile na nimeliona ziwa vizuri kabisa. Lakini ni pa vijana wenye viatu, wanaoanza kupanda saa mbili asubuhi, wakiwa na mtu wa kijijini wa kuwaongoza, na ambao siku ya pili yake hawana harusi.

Chakula nacho kina kesi yake. Saa tano asubuhi nilipiga simu sehemu moja ya Tukuyu, nikasema tunakuja watu thelathini na nne, mtatuandalia kuku na ndizi. "Karibuni sana." Tulifika saa tisa kasoro, njaa imetushika shingo. Meza zilikuwa safi, maua ya plastiki yamepangwa, jiko limepoa. Nikamuuliza dada wa mapokezi kuku wako wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Walikuwa uani, wanatembea. Kwao, "karibuni" ya kwenye simu ni salamu. Oda ni pale pesa inapotangulia.

Wakaanza kuwakimbiza. Hapo baba mdogo wa bwana harusi akasogea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani anachinja?" Ukoo wa Muheza ni mchanganyiko, nusu Waanglikana nusu Waislamu, wanakula sinia moja miaka yote, na mimi jambo hilo nililijua tangu siku ya kuleta posa. Kulijua nilijua. Kuliandaa sikuliandaa. Mpishi alikuwa Mkristo na ndiye aliyeshika kisu. Baba mdogo hakugomba. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akauliza kibla kiko wapi, akachinja kuku kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, huku dada wa mapokezi akimwagia maji. Tulikula saa kumi na moja jioni. Ndizi zilikuwa tamu sana, lazima niseme haki, zile ndizi za kupika za Tukuyu zinazolainika bila kuvunjika, na kuku wa kienyeji mwenye mchuzi mzito. Lakini kina mama waliokuwa na miadi ya saluni saa kumi walikuwa wakila wanapiga simu.

Matema hatukuiona. Daraja la Mungu hatukuliona. Tuliingia Mbeya saa tatu usiku, na wanawake sita wakaja kanisani kesho yake na vilemba.

Tangu hapo, mtu wa Mbeya akiniambia ana wageni wa harusi, namwambia mambo ya chakula kabla ya mambo ya kutembea. Chagua chakula kimoja kwa wote, siku mbili kabla, kisha nenda ukalipe nusu mkononi. Ukisema kila mtu ataagiza anachotaka, watu thelathini watakula kwa zamu mpaka magharibi. Ulizia mchinjaji wakati bado kuku wako kwa mwenye kuku. Na kama mahali panauza kitimoto, nenda ukaangalie jiko kwa macho yako. Sehemu nyingi za nyama choma mjini hapa mbuzi na kitimoto vinakutana kwenye wavu mmoja, na mwenye mahali atakuapia kwamba ni majiko mawili. Mimi mwenyewe kitimoto nakula. Hilo ni tumbo langu, si la mgeni.

Harusi ilikwenda vizuri, sina la kusema. Shangazi alisimama na sahani yake ya wali wa Kyela, akatafuna, akafumba macho, akafumbua. "Mchele mtamu huu. Sasa nani kasahau nazi?" Meza nzima ya wakwe ikaitikia. Kwetu wali ni mafuta na chumvi, harufu ni ya mchele wenyewe. Kwa mtu wa Tanga huo ni wali uliokatishwa njiani.

Jumapili sikupanga chochote. Nilikuwa nimechoka na nimeona aibu ya kutosha. Baada ya ibada baba mkwe ndiye aliyesema wazee wangependa kuliona hilo daraja linalosemwa, kama si mbali na kama hakuna kupanda. Tukapakia viporo vya pilau kwenye mahotipoti, chupa nne za chai ya maziwa, mikeka. Kiwira tukasimama sokoni barabarani. Wakina mama wa pale wakatusalimu "Mugonile!" na shangazi, aliyekuwa amefundishwa na bibi usiku wa harusi, akajibu "Ndaga!", ambayo ni asante, wakampigia vigelegele na kumwongezea mkungu mdogo.

Daraja la Mungu unalifikia kwa gari kupitia barabara ya vumbi, na hatua za miguu ni chache. Ni mwamba uliojikunja juu ya mto Kiwira kama tao, lava ya zamani iliyopoa huku maji yakiendelea kupita chini yake. Hakuna mtu aliyelijenga na ukiliangalia unaelewa kwa nini limeitwa hivyo. Karibu na hapo kuna Kijungu, mto unapoangukia kwenye shimo la mviringo la mwamba, maji yanazunguka kama uji unaokorogwa, kisha yanapotelea chini ya mawe na kutokea mbele. Watoto ni wa kushikwa mkono, mawe yanateleza. Tulitandika mikeka, tukala viporo, wazee wakalala usingizi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yote. Saa kumi na moja tulikuwa nyumbani.

Vijana wanane walitaka ziwa, na hao nikawaacha waende Matema kwa magari mawili ya Noah, walale siku mbili. Walirudi weusi kwa jua na wamejaa mchanga. Matema ni ya kulala. Ukifika na kurudi siku hiyohiyo umeona dashibodi. Milima ya Livingstone inashuka wima mpaka majini, kuna joto, watu wa pwani wanapumua. Walikula mbasa, samaki wa ziwani, kwa wali, na walibeba vyungu vya wanawake wa Kikisi, ambavyo viwili vilivunjika Kyela na vitatu vikafika.

Mmoja wao, binamu wa bwana harusi, alitaka Kitulo. Alikuwa ameona picha: maua mpaka upeo wa macho. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa 2005 kwa ajili ya maua hasa, ndiyo maana wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nilimwambia nenda, pazuri. Sikufikiria mwezi. Alipanda kutoka Chimala ile barabara ya Matamba yenye kona hamsini na saba, na jina lake ndilo hilo, Hamsini na Saba, akafika uwanda wa juu Julai. Nyasi za kahawia, upepo, baridi kali kuliko ya mjini. Maua yanakuja na mvua, Novemba mpaka Aprili. Alinitumia picha yake akiwa amejikunyata kwenye nyasi, akaandika: "Dada, bustani imelala."

Kurudi kwao niliwaomba wasirudie kosa la kuja kwa siku moja. Ni karibu kilomita elfu moja. Walale Iringa. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulijua, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Baba mkwe alifundisha historia zaidi ya miaka thelathini. Usiku wa kuamkia safari akaniuliza, kama anaomba pesa, "Hivi Kalenga ni mbali na barabara?" Kalenga ni kilomita chache tu kutoka Iringa mjini. Ndiko lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua 1898 asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani na kikarudishwa 1954. "Nimewafundisha watoto hilo fuvu kila mwaka," akasema, "sijawahi kuliona."

Siku nne nimemzungusha mzee huyu matopeni kuonyeshwa ukungu!

Walipita Isimila kwanza, kwa kuwa iko kandokando ya barabara kabla ya kuingia Iringa ukitokea Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko na zana za mawe za watu wa kale. Wakalala mjini, asubuhi wakanywa chai kwenye mgahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu ni viziwi na oda unaiandika kwenye karatasi. Shangazi aliniambia kwamba ni mara ya kwanza maishani mwake ameagiza chai kimyakimya. Kisha wakaenda Kalenga. Mwanawe alinisimulia kwamba mzee alisimama mbele ya lile sanduku la kioo, akavua kofia, akakaa hapo mpaka dereva akapiga honi mara mbili.

Wiki tatu baadaye simu ya shangazi ikaita. Walikuwa wameondoka na viroba vinne vya mchele wa Kyela chini ya viti vya Coaster.

"Mwanangu, ule mchele wenu," akasema, na nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa, "leo nimeutia nazi mbili. Sasa umepona. Nitumie mwingine."